Siku Niliyoishusha Sauti Yake

Nisizunguke. Mimi ndiye niliyeishusha sauti yake, kwa kidole changu cha mkono wa kulia, mbele ya watu mia nne, na nilijua ninachofanya.

Kazi yangu ni sauti. Natengeneza spika na ampu za kukuza sauti katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yangu, na bendi ikipiga ukumbini mimi ndiye ninayekaa kwenye meza ya vitufe, mwisho kabisa wa ukumbi, napandisha hiki, nashusha kile. Kila chombo kina kitufe chake. Ngoma zina vyake, gitaa lina chake, na kitufe cha kumi na mbili ni chake yeye, mwanamke anayeimba. Chini yake nilibandika kipande cha plasta nyeupe nikaandika kwa wino: MWANDISHI. Mashabiki wanamwita Wembe, kwa sababu ya ulimi. Mimi namwita Mwandishi, yeye ananiita Fundi, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili majina hayo yametutosha.

Mwandishi kweli ni mwandishi. Ana safu yake kwenye gazeti kila Jumatano, na nyimbo zote za bendi anatunga yeye. Ni roki, gitaa linanguruma na ngoma zinatikisa vioo, lakini maneno yake yanachoma polepole. Hasemi kitu kilivyo. Akipenda anatukana, akiumia anatania, na ukimuuliza kama ameumia anakutania wewe. Wenzake wa magazetini nao ni hivyo hivyo siku hizi. Hakuna anayelia kwenye karatasi bila kukukonyeza kwanza, usije ukadhani analia kweli. Safu yake naisoma nimeweka kidole chini ya mstari, maana shule niliiacha mapema, na mara nyingi utani wa Jumatano mimi naucheka Alhamisi. Aliwahi kuniambia hana msomaji mwingine anayemheshimu kiasi hicho.

Wiki mbili kabla ya siku ile nilimwomba tuoane. Nilimwomba hapa hapa karakanani, mikono ina gundi ya spika, bila maandalizi yoyote. Alinitazama mpaka nikaanza kujifuta mikono kwenye suruali.

"Nitakujibu kwa wimbo, Fundi," akasema.

Nikangoja wimbo. Mtu mzima, mjane, binti yangu mkubwa ana kazi yake, mimi nangoja wimbo kama mvulana anayengoja barua.

Ukaja Ijumaa alasiri, kwenye onyesho la mwisho kabla bendi haijasafiri kwa miezi mitatu.

"Huu ni mpya," akawaambia watu. "Unamhusu mtu mmoja mwenye adabu sana."

Gitaa likaanza kwa furaha, la kuruka ruka. Akaimba:

Hujambo dirisha, watoto hawajambo?
Nimeleta karatasi, mke wangu yuko ndani.
Mkubwa yuko kwenye kikao, oo, kikao,
kifo kikija nacho kipange foleni.

Watu wakacheka. Kiitikio kilipokuja mara ya pili walishakijua, mia nne kwa pamoja, mikono juu: oo, kikao!

Dirisha lile nalijua. Miaka minne iliyopita mke wangu alikuwa amelazwa, anatakiwa kupasuliwa siku ile ile, na karatasi ya kibali ilihitaji sahihi moja ya mkubwa mmoja. Nilisimama dirishani na ile karatasi tangu saa mbili asubuhi. Nilimwamkia karani mara tatu, nikamuuliza na watoto wake hawajambo, nikifikiri adabu itasaidia. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: mkubwa yuko kwenye kikao. Saa tisa sahihi ikapatikana. Mke wangu hakuihitaji tena. Na yule mkubwa hakufanywa lolote. Nasikia baadaye walimpandisha cheo, na mimi sishangai, wakubwa ndivyo wanavyotunzana.

Habari hiyo nilimpa Mwandishi kama mtu anavyompa mwenzake kitu amshikie. Naye ameifanya kichekesho, na ndilo jibu la ombi langu.

Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kumi na mbili. Nikakivuta mpaka chini.

Gitaa likaendelea, ngoma zikaendelea. Mdomo wake ukawa unafunguka na kufungika bila kitu kutoka. Watu wakapiga mbinja, wakadhani maiki imekufa. Mpiga besi, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, akawa ananipungia mkono kama anayezima moto. Yeye Mwandishi aliinua macho kuvuka ukumbi mzima, akanitazama, na akaendelea kufungua mdomo mpaka wimbo ukaisha. Dakika tatu. Nikavua hedifoni, nikachomoa vitu vyangu, nikaondoka kabla hawajanifukuza.

Asubuhi yake binti yangu, aliyekwisha kusikia habari yote, alinikuta karakanani. Anafundisha darasa la kwanza, na hata siku za mapumziko anaongea na mimi kama nimekaa dawati la nyuma.

"Baba, umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Kikombe kimejaa."

Nikanywa kidogo ili tuyamalize. Akavuta kiti, akakaa mbele ya ampu niliyokuwa nimeifungua.

"Nilikwambia," akasema. "Yule mama hana jambo asilolicheka. Sasa amefika mpaka kwa mama yangu."

"Hakumcheka mama yako. Amenicheka mimi."

"Kuna tofauti?"

Nikaokota bisibisi.

"Na wewe nawe, baba! Kumzimia mtu maiki mbele za watu! Watoto wangu siku ya kwanza kabisa shuleni nawafundisha nini? Mwenzako akiongea, ngoja amalize."

"Wewe uko upande gani?"

"Wangu. Upande mdogo, lakini una kivuli." Akanyanyuka, akachukua mkoba wake wa madaftari. Kisha akaiona ampu vizuri. "Hii ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja tu, mwanangu. Iko hapa tangu Jumatatu, waya wa ndani ulikuwa umelegea."

"Ya kwake," akasema, akatikisa kichwa. "Mungu wangu. Ya kwake."

Hapo hapo tukasikia hodi.

Mwandishi alikuwa amesimama mlangoni, amevaa suruali yake ya jinzi na buti zake za jukwaani, nywele zimefungwa kwa kitambaa, zile chache nyeupe za mbele zimekataa kufungwa kama kawaida. Macho yalikuwa mekundu. Nilitaka kusimama na nilitaka kubaki nimekaa, nikaishia katikati, magoti yamekunjwa, bisibisi mkononi.

"Shikamoo," binti yangu akamwambia, kwa sauti ya kusomea majina ya darasa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naenda kusahihisha mitihani." Alipofika mlangoni akageuka. "Baba hajala tangu jana. Sisemi kwa sababu yoyote. Nasema tu."

Akaondoka. Mwandishi akabaki anaangalia mlango.

"Ana kalamu huyo," akasema. "Hiyo 'nasema tu' ningeitunga mimi ningetembea kifua mbele wiki nzima."

"Umefuata nini?"

"Vitu viwili. Ampu yangu na kadi yako. Dada anakuja kunichukua saa tano, na saa saba bendi inaondoka."

"Ampu iko tayari. Nafunga skrubu mbili tu."

Akaisogelea, akaigusa juu kama anampima mtoto homa.

"Uliitengeneza lini?"

"Asubuhi hii."

"Yaani umenizima mbele ya watu mia nne, ukalala, ukaamka ukanitengenezea ampu."

"Ampu haijanikosea kitu."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. Nilikuwa nimejiapiza nisiutazame ule mdomo. Nikafunga skrubu ya kwanza.

"Kulikuwa na njia nyingine za kunikataa," nikasema. "Ungesema hapana. Ni neno fupi, hata mimi nalisoma bila kidole."

"Nani amekwambia nilikukataa?"

"Wimbo."

"Wimbo ulikuwa haujaisha! Kuna ubeti wa tatu, Fundi. Hukuufikia. Kidole chako kilikuwa na haraka."

"Huo ubeti wa tatu ungenifuta ule kicheko?"

Akavuta sanduku tupu la spika, akakaa, viwiko magotini.

"Niliandika kwa hasira," akasema. "Ulivyonisimulia lile dirisha nilikaa mezani nikaandika kurasa sita, hasira tupu, nikasoma. Ikawa hotuba. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba ingesomwa kwenye sherehe ya ufunguzi wa choo. Kwa hiyo nikafanya ninachojua kufanya, nikaifunga kichekesho. Watu wakicheka wanafungua mdomo, na mdomo ukiwa wazi ndipo unawatupia ile dawa."

"Dawa waliitema. Walichobaki nacho ni oo, kikao."

"Nilisikia," akasema taratibu. "Walivyoinua mikono nilisikia. Nikajua nimekosea wapi, na nilikuwa katikati ya mstari, na gitaa halingojei mtu."

"Mimi sina elimu ya hayo mambo yenu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda. "Nyie wenye maneno mna bahati. Mtu akiwauliza mmesema nini mnajibu tulikuwa tunatania. Mtu kama mimi akisema kitu amekisema."

"Na ukisimama leo na gitaa useme nampenda mtu, nakufa, unajua watakufanya nini? Watakutafutia kiti ukae. Neno hilo limeuza sabuni, Fundi. Limeuza simu, limeuza na magodoro. Nikilishika mkononi naona mafuta ya watu wengine."

"Mimi sikulitumia kuuza kitu."

Alinitazama. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani, du, du, du.

"Hapana," akasema. "Wewe hukulitumia kuuza kitu."

Kisha akanyanyuka. Nilidhani anakuja kwangu. Akaenda mpaka kwenye benchi la kazi, akasimama amenipa mgongo.

"Lakini na mimi nina langu. Unajua jana ulikuwa nani? Miaka minne unamlaani yule mkubwa. Kila fundi, kila mteja, kila mtu aliyekaa kwenye sanduku hili amesikia unavyomlaani. Jana mkubwa ulikuwa wewe. Mimi ndiye niliyesimama pale nimeshika karatasi yangu, naongea, na kuna mtu mahali amekaa, kwa kidole kimoja ameamua nisisikike."

Bisibisi ilinianguka, ikaviringika mpaka chini ya meza, na sikuinama kuitafuta.

Nitasema ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Wale watu nawalaani mpaka leo, na wanastahili. Lakini siku ile nilijua jambo ambalo miaka yote minne sikuwa nalijua: kwamba ni rahisi. Nilidhani mtu anayemfungia mwenzake mlango anahitaji roho ya pekee. Haihitajiki. Kitufe kinateleza tu, hakina uzito wowote, na unajiona una haki.

"Nimekosa," nikasema. "Hata kama ungekuwa unanitukania mama yangu, kazi yangu ilikuwa usikike. Ningekuja kugombana na wewe baadaye. Nimekosa, Mwandishi."

Mabega yake yakashuka. Alipogeuka macho yalikuwa yamejaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutafuta la kuchekesha.

"Na mimi nimekosa," akasema. "Nilichukua kitu chako nikakipeleka jukwaani bila kukuuliza. Nisamehe." Akanyoosha mkono. "Sasa nipe kadi."

"Kadi ya nini, wewe?"

"Ya mashine yako ya kurekodia. Ya jana."

Hapo nikaanza kuelewa. Kila onyesho narekodi, kila sauti kwenye mstari wake, ili nikirudi nisikilize ngoma peke yake, gitaa peke yake, nijue kesho nirekebishe wapi. Na mashine ile haingoji kidole changu. Inaichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye maiki, kabla haijafika kwenye vitufe. Ukumbini alikuwa kimya. Kwenye kadi hakuwa kimya hata sekunde moja.

"Kuna nini kwenye kadi?"

"Kelele."

"Za nani?"

"Zangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Spika za miguuni pangu nazo zilikufa, nikajua hakuna anayenisikia. Hata mpiga ngoma. Hata mimi mwenyewe. Kwa hiyo nikaacha wimbo. Nikasema vitu. Nikavisema vyote. Nikarudi nyumbani nimepumua kama mtu aliyetua mzigo, halafu asubuhi hii napiga mswaki nikakumbuka kimashine chako. Nilitema povu kwenye kioo, Fundi. Naomba kadi."

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Hedifoni zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari, hatua mbili. Tangu jana sikuwa nimeisikiliza, kwa kuogopa kusikia watu wakicheka. Sasa nilijua kuna dakika tatu ndani yake ambazo ningetoa chochote nizisikie. Ningemwambia ngoja kidogo. Ningemwambia ni mali yangu, onyesho nimerekodi mimi, na ningekuwa na haki tena.

Nikaitoa, nikamwekea kiganjani.

Aliitazama, akanitazama.

"Hujaisikiliza?"

"Hapana."

"Hutaki kujua?"

"Nataka mpaka meno yananiuma. Lakini hukuniambia mimi. Uliiambia maiki iliyokufa."

Akaitia kadi mfukoni. Akaitoa. Akaishika kati ya vidole viwili, akaikunja mpaka ikalia ta, na ule mlio mdogo ulinipita kifuani. Kisha akarudi kukaa kwenye sanduku, safari hii karibu na mimi, goti lake likagusa langu na hakuliondoa.

"Nikueleze kitu," akasema. "Nikiwa na miaka ishirini na tatu nilimwandikia mtu barua. Kurasa nne, hakuna utani hata mmoja. Akawasomea rafiki zake kwenye baraza la hosteli. Mimi nilikuwa napanda ngazi, nikaisikia ikisomwa, na wanacheka pale pale ambapo nilikuwa nimelia wakati naandika. Nilishuka zile ngazi mtu mwingine. Tangu siku hiyo nacheka mimi wa kwanza. Mtu akitaka kunicheka anakuta nimeshamaliza."

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Sijui. Labda ni mkubwa mahali."

"Lazima," nikasema. "Wanaanza hivyo."

Tukacheka wote wawili, tukaacha kwa pamoja.

"Sasa na wewe," akasema. "Usikasirike. Lile dirisha umenisimulia mara kumi na moja, nimehesabu. Dirisha, karani, mkubwa, saa tisa. Maneno yale yale, mpangilio ule ule. Mke wako hujanisimulia hata mara moja. Sijui alikuwa anachekaje. Sijui alipenda nini. Nilipoandika ule wimbo nilitafuta mstari mmoja wa kumwekea, sikuwa nao, nikabaki na dirisha."

Nilifungua mdomo nimjibu vikali. Nikawa natafuta uso wa mke wangu nyuma ya lile dirisha, kama unavyotafuta mtu nyuma ya umati, na ikanichukua muda mpaka nikaona aibu.

"Alikuwa anaimba," nikasema mwishoni. "Jikoni, bafuni, akianika nguo. Alikuwa hapatii hata noti moja. Nyimbo zote alizijua, na zote aliziimba kwa sauti moja, kama friji."

Mwandishi akaziba mdomo kwa mkono.

"Cheka tu, hiyo inachekesha. Mimi ni mtu wa sauti, kitu kidogo kikiwa nje ya noti naumwa sikio. Miaka kumi na tisa sikumwambia. Siku moja akaniuliza, hivi mimi najua kuimba? Nikamwambia, sijawahi kusikia mtu anayeimba kama wewe. Akafurahi, akaongeza sauti." "Huo ulikuwa uongo, au ndiyo hicho kitu chenu cha kutosema kitu kilivyo?"

"Ndiyo hicho kitu chetu," akasema, machozi yanamshuka huku anacheka. "Na umekifanya kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwa sababu ulikuwa unampenda nacho."

Akanishika mkono, wenye gundi na masizi ya waya. Akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Wimbo nautupa," akasema.

"Usiutupe. Mwekee mke wangu ubeti. Yule mtu wa dirishani ana mke, na mke hana hata mstari mmoja. Muweke jikoni, anaimba vibaya. Halafu uone kama watu watainua mikono."

Nikaona macho yake yanavyofanya akipata kitu, yanaacha kutazama ulipo yanatazama ndani. Akapapasa mfukoni, akatoa kalamu. Akaitazama ile kalamu. Akairudisha.

"Hapana. Kwanza hili. Nikiandika kwanza nitatoroka." Akanyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Jana nilisema hivi. Nilisema, Fundi, nataka kuishi na wewe. Nilisema naogopa. Nilisema ukinisomea safu yangu polepole, na kidole chako, nataka kulia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuyabeba maneno yangu moja moja. Nilisema, nakupenda."

Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Nimelisema vibaya?"

"Umelisema kama mtu anayesoma namba ya gari."

"Naona aibu mpaka magotini."

"Rudia."

"Usinionee!"

"Kazi yetu, sauti tunaijaribu mara mbili."

"Nakupenda," akasema, na safari hii lilitoka taratibu, likakwama katikati kidogo, likamalizika. Nimesikia sauti yake kwenye hedifoni mara mia, nazijua pumzi zake zote, anapovuta na anapoibana. Ile sikuwa nimewahi kuisikia.

"Na lile ombi langu?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ipi?"

"Ndiyo ndiyo, Fundi! Unataka nikuandikie kwa mhuri? Ndiyo, tuoane, nikirudi, mwezi ule ule." Akaweka paji lake la uso begani kwangu, uzito wote. "Binti yako atanikataa."

"Atakukataa. Kisha atakusahihishia safu yako kwa wino mwekundu. Tutamkabili wote wawili, siku ukirudi. Leo jioni naanza mimi."

Honi ikalia nje, ndefu, ya mtu mwenye haki ya kupiga honi. Mwandishi hakuinuka. Honi ikalia tena, mlango wa gari ukafungwa kwa nguvu, na dada yake akaingia bila hodi.

Dada huyo alinikataa tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kunong'ona. Mdogo wake amesoma mpaka chuo, ana jina gazetini, atafanya nini na mjane asiyemaliza shule, kucha zimejaa gundi, mdomo umejaa malalamiko? Aliwahi kuniuliza hayo uso kwa uso, nikamwambia hata mimi sijui, dada.

Akatuangalia tulivyokaa. Akaangalia mkono wangu ulipo.

"Umemaliza kumtukana?" akamuuliza mdogo wake.

"Sijamtukana."

"Asubuhi nzima ulikuwa unafanya mazoezi!"

"Nimemkubali, dada. Tunaoana."

Dada akangoja. Ameishi naye miaka arobaini na kitu, anajua hajawahi kutoa neno lisilo na mkia. Aliweka mkono kiunoni, akangoja mkia.

"Halafu?"

"Hakuna halafu."

"Acha michezo yako. Halafu nini?"

"Hakuna, dada. Ndiyo hivyo tu."

Yule mama alimkagua mdogo wake usoni, akatafuta kona ya mdomo inapocheka, akaikosa. Akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza kama mtu anayehitaji msaada wangu.

"Anamaanisha nini huyu?"

"Anamaanisha hivyo hivyo alivyosema," nikajibu, "shemeji."

Neno lilitoka kabla sijaliuliza linakwenda wapi. Dada akanitazama kuanzia viatu, suruali, kucha, akapanda mpaka machoni, na hakufanya haraka.

"Shemeji," akarudia, kama anaonja kitu ambacho hakukiagiza. Akaonja tena. Kisha akapisha mlangoni.

"Haya, shemeji. Beba hiyo ampu."